Weka Manati, Shika Jembe



Muhula huu yamezuka maneno mengi bwenini juu ya yangeyange wajao kwenye bwawa la samaki la shule. Wenzangu wasema ni wezi, na manati zimekwisha tengenezwa. Sikatai kwamba hula vifaranga vyetu vya ngege, nimewaona. Lakini dawa iliyochaguliwa siyo.

Kwanza, wengi hawamjui wamtafutaye. Juzi mmoja alimrushia jiwe yule afuataye ng'ombe, mwenye mdomo wa njano, ambaye chakula chake hasa ni panzi! Huyo hana kesi. Mshtakiwa wetu ni mweupe pia, lakini mdomo wake ni mweusi na mwembamba, miguu myeusi, na nyayo zake za njano kana kwamba amekanyaga rangi.

Jumapili nilikaa nyuma ya matete saa nzima nikimtazama. Huingia ukingoni, maji yakimfika magotini, kisha hutikisa unyayo mmoja ndani ya tope. Visamaki na vyura waliojificha hutoka mbio, naye huwadokoa. Pengine hukimbia huku na huku na mabawa wazi, kama golikipa aliyepotewa na mpira. (Nilicheka, nikakaribia kumfukuza.) Sikumwona kilindini hata mara moja, maana urefu wa miguu ndio mpaka wake. Na sisi kingo za bwawa letu tumezifanya za mteremko mdogo, kama tuliomtandikia mkeka! Tukizichimba ziwe wima, maji yawe mengi tangu ukingoni, atasimama wapi?

Yuko atakayesema kupiga ni rahisi kuliko kuchimba tope. Kweli ni rahisi. Katika karne ya 19 jamaa za ndege hawa waliuawa kwa wingi sana, ili manyoya yao marefu yapambe kofia za mabibi wa Ulaya na Marekani. Manyoya hayo huota wakati wa kuzaa, basi wazazi walipouawa makinda yalikufa njaa viotani. Uingereza ilikataza kuyaingiza nchini mwaka 1921 tu. Mwenye manati naye hajui kama amemwua mwenye makinda.

Mwalimu wa kilimo amekubali kututolea ufunguo wa stoo. Jumamosi baada ya usafi nitakuwa bwawani. Majembe yako sita, na mpaka sasa tu watu wawili.