Bosi, hesabu miche iliyoshika

Kuna mabosi hapa Nyeri, Karatina hadi Nanyuki ambao uongozi wao wote ni kuangalia saa. Ukiingia saa mbili kamili wewe ni mfanyakazi mzuri, hata kama mteja amesimama kaunta nusu saa akingoja mtu amsikize.

Hao wangejifunza kwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, hapa hapa Nyeri. Alipoanzisha Green Belt mwaka wa 1977, wataalamu wa misitu walimwambia kupanda miti kunataka watu wenye diploma. Diploma ya kuchimba shimo, jamani! Yeye akawaendea akina mama wa vijijini, akawaambia watumie akili ile ile wanayopandia mahindi na maharagwe. Wakaotesha mbegu hata kwenye vyungu vilivyovunjika, wakafunzana.

Lakini penye alinimaliza ni kwenye malipo. Mama hakulipwa kwa kuhudhuria mkutano wala kwa kuonekana na jembe. Alilipwa kwa kila mche ulioshika. Ukikauka, hakuna kitu. Kwa hivyo mche ulimwagiliwa maji hata siku ambayo hakuna msimamizi. (Pesa zenyewe zilikuwa kidogo sana. Hapo, mabosi, msiige.)

Sasa wewe supavaiza wa duka la simu, Jumatatu usianze na nani alichelewa. Uliza ni simu ngapi tulizorekebisha zimerudi zikiwa na shida ile ile. Na yule kijana asiye na cheti ambaye zake hazirudi, mpe meza yake na umwongeze mshahara.