Kabla Kisu Hakijagusa Ngozi



Mgonjwa wetu anapoambiwa kwamba hana budi kupasuliwa, sisi jamaa zake huuliza mambo mawili: gharama ni kiasi gani, na ni daktari yupi atakayempasua. La kwanza halina ubishi, kwani pengine itabidi mbuzi auzwe. La pili ndilo linalonisumbua. Tumezoea kupima ubora wa upasuaji kwa sifa za mtu mmoja, au kwa rangi mpya ukutani.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla hajatolewa chumbani. Ni mambo ya kawaida kiasi cha kuchekesha. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Ni upande upi unaopasuliwa? Je, anaweza kupoteza zaidi ya nusu lita ya damu, na tumejiandaa? Vitambaa na sindano vimehesabiwa vyote? Tena kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8. London na Seattle zilikuwamo. Vilevile Ifakara, nchini Tanzania, mji mdogo usiofanana nayo kwa lolote. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kwa jumla, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa mia, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7.

Hata hivyo, mwaka 2014 uchunguzi wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, haukuona upungufu wa maana wa vifo. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Mimi nawaunga mkono wanaosema kwamba karatasi yaweza kujazwa na mtu mmoja, peke yake, kazi ikiisha, na isimwokoe yeyote. Kinachookoa ni yule muuguzi mgeni ambaye, kwa kuwa alikwisha kutaja jina lake mbele ya wakubwa, anathubutu kusema: «Daktari, tusishone bado, kitambaa kimoja hakionekani.»

Hapo sisi tulio nje tuna lawama yetu. Hospitali ikikiri kwamba kidonda cha mgonjwa kimeoza, kesho yake mtaa mzima unaikimbia, ikinyamaza, tunaisifu. Kwa hiyo tunawafundisha waganga kuficha. Ni kweli kwamba hesabu ya vifo peke yake hudanganya, maana hospitali kubwa hupokea waliokwisha kushindikana kwingine. Lakini isiyohesabu kabisa itajuaje kama inaponya au inaua?

Mnapokwenda kuwatembelea wagonjwa, mwulizeni muuguzi kwa heshima: mwezi uliopita mlipasua wangapi, na wangapi walirudi na vidonda vibaya? Akifungua daftari akawasomea idadi, hata kama inauma, mama yangu mzazi ningemwacha hapo apasuliwe.