ALAMA YA KIDOLE NA JINA LA MTU



Kila kitu kina njia yake ya kutambulikana. Sonara aletewapo pete huisugua juu ya jiwe jeusi, akautazama mstari ulioachwa, kisha akatia tone la tindikali. Dhahabu husalia, shaba hutoweka. Mfugaji naye hupiga ng'ombe wake chapa ya moto au hukata sikio, ingawa yeye mwenyewe haihitaji alama hiyo, kwani amjua kila mmoja kwa rangi, pembe na mwendo. Chapa ni kwa ajili ya mgeni.

Vivyo hivyo binadamu alitafutiwa alama na watawala wasiomjua. Mwaka wa 1858, katika nchi ya Bengal, ofisa wa Kiingereza William Herschel alimtaka mtu mmoja atie alama ya kiganja chake juu ya mkataba. Mistari ya vidole hufanyika mtoto akali tumboni. Haigeuki kwa uzee, wala mapacha hawafanani. Lakini alama maelfu zisizo na utaratibu ni kama majalada yasiyo na orodha, na karani aijua taabu yake.

Utaratibu ulipatikana Calcutta, katika ofisi ya mkuu wa polisi Edward Henry. Waliotoa jasho ni wasaidizi wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Haque alifanya hesabu ya kuzigawanya alama katika vijumba 1,024, yaani safu 32 zenye vijumba 32 kila moja, hata karatasi moja iweze kuonekana upesi kati ya nyingi. Mwaka wa 1897 ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa huko, na mwaka wa 1901 Scotland Yard ya London ikafuata. Utaratibu ule ukaitwa kwa jina la Henry. Henry alikuja kuikiri kazi yao, nao wakapewa vyeo vya heshima na fedha, illa baada ya miaka mingi. Waliouwezesha ulimwengu kumtambua mtu kwa kidole, wenyewe walichelewa kutambuliwa.

Kwetu Afrika ya Mashariki alama hiyo ilikuja na uchungu. Katika Kenya, tangu 1920, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyao. Sheria ya 1947 ilipotaka watu wa mataifa yote waandikishwe, Wazungu wengi walikataa kutiwa wino vidoleni. Kumbe walijua wazi kwamba kupigwa alama na kuheshimiwa ni mambo mawili!

Basi yatupasa nini? Kwanza, kila mwanachama atungaye taarifa, hesabu au daftari jipya atie jina lake na tarehe, na nakala aiweke. Huko si kujivuna. Ni kutunza kumbukumbu, nayo ndiyo kazi yetu. Pili, na hili ni zito zaidi, sisi tulio wakuu wa vyumba tuyaandike majina ya vijana wetu katika taarifa tuzipelekazo juu. Tukiyaficha, hatuna haki ya kulalamika yetu yakifichwa.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Tusikivike cha jirani.