Karamu ya Noeli Bila ya Kuchinja

Kila ikaribiapo Noeli hapa Kolwezi, baba wa nyumba huingiwa na hofu asiyoitamka mbele ya watoto, nayo ni hofu ya kwamba tarehe 25 Desemba jirani atapita mlangoni, ataisikia harufu ya jiko, na atatambua ya kuwa hapakuchinjwa hata kuku mmoja. Nimewajua waungwana waliokopa kwa riba ili wanunue mbuzi wa siku moja, Januari ikawakuta na deni. Na kwa ajili yao nasema ya kwamba karamu ya Noeli isiyo na nyama, wala samaki, wala yai, wala maziwa, ni karamu kamili, na majira haya ya mvua yametuandalia kila kinachohitajiwa.

Neno lenyewe ni shahidi. Watu wa pwani wakisema mboga aghalabu hukusudia majani na mazao ya bustani. Sisi wa Katanga husema mboga kwa kila kitu kinacholiwa na bukari, ule ugali wetu, kiwe kuku, kiwe maharagi, kiwe uyoga, wala lugha yetu haikumpa kuku kiti cha mbele. Na kujizuia si bidaa iliyotoka Ulaya: Wahabeshi wa Kanisa la Othodoksi hujinyima nyama na maziwa kwa siku zaidi ya 40 kabla ya Noeli yao ya tarehe 7 Januari, ingawa siku yenyewe ikifika hufungulia kwa nyama.

Mwaka jana binti wa ndugu yangu alirejea kutoka masomoni, akatueleza kwa adabu kwamba hali tena kitu chochote cha mnyama. Mama zake wadogo walisikitika kana kwamba ameugua. Mama yangu hakusema neno, alivuta kinu. Nilisimama karibu nikamtazama akiitwanga sombe changa pamoja na vitunguu na pilipili, mpaka kinu kikatoa ile harufu mbichi ya majani, kisha akaichemsha kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Mwisho akatia mawese na karanga zilizotwangwa, akakoroga polepole hata mafuta mekundu yakaelea juu. Alipopakua, watoto waliomba waongezewe, wala hakuna aliyeuliza samaki yuko wapi.

Uyoga nao huuzwa kandokando ya barabara katika mabeseni, mwingine ukiwa umeota vichuguuni, wenye kofia inayoweza kufikia upana wa mita 1, mwingine chini ya miti ya miombo, ambayo mizizi yake ndiyo inayoulisha. Hapa nina huzuni, kwani makala, yaani makaa tunayopikia, hutoka katika miti hiyo hiyo, na migodi ya shaba na kobalti imeumega msitu kwa upande wake. Basi anayeacha nyama asidhani ya kuwa ameepukana na deni hili la msitu, maana sombe hukaa motoni saa nyingi.

Hata kikanda, ambacho wengi wetu hatuoni sikukuu bila yake, kina hesabu yake. Viazi vidogo vya okidi hukaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikakorogwa katika maji yanayochemka mpaka vigande. Kisha makala ya moto huwekwa juu ya kifuniko ili uso ugeuke rangi ya kahawia, na kikipoa hukatwa vipande kama keki. Ni kitamu mno, lakini kiazi kikichimbwa mmea wake hufa, na biashara ya viazi hivyo imefika hata nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kuyalinda maua, okidi zikiwamo. Kwa hiyo kwetu kikanda kitakuwa kipande kimoja kwa kila mgeni, na sahani kubwa itakuwa ya uyoga.

Karanga zimekwisha kununuliwa. Dada zangu wataleta uyoga na bukari. Mimi nimepewa kinu, nami nitaanza kutwanga tarehe 24 baada ya adhuhuri, kabla ya misa ya usiku, mlango wa jiko ukiwa wazi upande wa njia.