Pari haiko kazi: tufanye hesabu kwanza

Vijana wenzetu wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru,

Kuko swali moja linazunguka mu kila kartie siku hizi: mutu wa kawaida, asiye na bosi wala mutaji mukubwa, anaweza kuishi na pari? Wengine wanauliza juu ya mipira, wengine juu ya poka ya ku telefone. Wengi wanaouliza wako na diploma. Wamepeleka dosie kila pahali, hakuna aliyewaita. Kwa hiyo tusiwacheke. Tuwajibu na hesabu.

Tuanze na mupira. Tuseme kuko mechi moja, timu mbili ziko sawasawa. Kampuni inaandika kote 1.90 kwa huyu na 1.90 kwa yule. Wewe ukiweka 1,000 kwa huyu, na rafiki yako 1,000 kwa yule, kampuni inapokea 2,000 na inalipa 1,900. Franka 100 imebaki kwake, na haikujali nani alifunga goli. Ni 5 kwa 100. Unaona ni kidogo?

Sasa kamata tiketi yenye tunapenda sana, ile ya mechi kumi. Kote ni 1.50 kila moja. Ukizidisha unapata karibu 58: franka 1,000 inakuwa karibu 58,000. Tamu. Lakini ile 5 kwa 100 inakatwa mara kumi, kwa kila mechi. Kwa hesabu, tiketi ya namna hiyo itapita karibu mara moja kwa mara 96. Utakuwa umetoa 96,000 kusudi uone 58,000. Njo maana kila mutu iko na hadisi ya "mechi moja iliniharibia". Haiko bahati mubaya. Tiketi ilitengenezwa vile.

Mwenye anaweka 2,000 kila siku anatoa 730,000 kwa mwaka. Akicheza paka hizo tiketi ndefu, karibu 292,000 inabaki kwa kampuni. Hiyo haiko kidogo mu nyumba ya Kikula.

Mutu atasema: "Miye ninajua mupira, sichezi ovyo." Sawa. Tukubali uko mufundi kweli, na kila 100 unayoweka inakuletea faida ya 5, mwezi kwa mwezi. Ni kazi nguvu sana, wengi hawafikie pale. Unataka 300,000 franka kwa mwezi, ya kula na kulipa nyumba? Itaomba uweke milioni 6 kila mwezi, ni kusema 200,000 kila siku, na siku mubaya usitetemeke. Nani kati yetu iko na 200,000 ya kuweka kila siku? Mwenye iko nayo angefungua duka. Tena, ukianza kushinda sana, kampuni mingi zinapunguza kiasi chenye unaweza kuweka. Anayeshindwa, yeye, hawamupunguzie kitu.

Poka iko tofauti kidogo, tuseme ukweli. Pale hauchezi na kampuni, unacheza na watu wenzako, na akili inasaidia kweli. Lakini mwenye meza anakata sehemu yake mu feza ya mezani. Kwa hiyo haitoshi kuwa muzuri kupita wenzako. Inafaa uwapite mingi, mpaka ile faida ilipe na mwenye meza. Na ku intaneti mwenzako wa mezani anaweza kuwa mutu anayecheza saa nane kila siku, na moto haumukatikii. Wewe uko na megabaiti za kuhesabu, na kuran inapotea katikati ya mukono.

Watu wanapenda kutaja Chris Moneymaker. Alikuwa muhasibu Marekani, muchezaji wa kawaida kabisa, na mwaka 2003 alishinda mashindano makubwa ya poka kule Las Vegas: dola milioni 2.5. Ni kweli. Lakini wachezaji walikuwa 839. Tunajua jina la mumoja. Wale 838, nani anawakumbuka? Na Kenya, mwaka 2017, mutu mumoja alipata shilingi zaidi ya milioni 221 kwa jackpot moja. Picha yake ilifika mpaka huku. Picha ya wenye walilipia ile jackpot haikupigwa.

Wazazi wetu wanajua huu wimbo. Mwaka 1991, Kinshasa, watu waliweka feza yao kwa Bindo Promotion, wakiahidiwa itazaa upesi. Ilianguka, feza ikapotea. Haiko muchezo sawa na pari, lakini njaa yenye ilipeleka watu pale ni ileile.

Hapa njo kuko shida yenyewe. Likasi ni muji uliojengwa juu ya mushahara. Baba aliingia Shituru, mwisho wa mwezi ulijulikana. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile walisema "départ volontaire", na nyumba mingi hazijasimama tena vizuri. Leo shaba na kobalti zinapita mbele yetu ku barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, mchana na usiku, na mtoto wa muji anahesabu lori huku ameshika tiketi. Pari haikuleta ukosefu wa kazi. Ilikuja kuukusanyia kodi.

Wengine karibu yetu wameshitaki jambo hili mbele ya serikali zao. Mwaka 2019 Uganda ilitangaza haitatoa leseni mpya za pari, na Kenya ilikatala kuongeza leseni za kampuni kubwa juu ya mambo ya kodi. Sisi hatuombi pari ikatazwe, maana itajificha tu. Tunaomba vitu vitatu:

1. Vibanda vya pari vitoke karibu na masomo, na mtoto asipokelewe pale.
2. Feza yenye serikali inapata ku pari itangazwe, na sehemu irudi mu miji kwa kufundisha vijana kazi.
3. Kampuni za madini zibandike nafasi za kazi wazi, mahali kila mutu anaona, si kwa ndugu na marafiki paka.

Na wewe mwenye unacheza: hatukuhukumu. Kamata kaye. Kwa miezi mitatu andika kila franka yenye inatoka na kila franka yenye inaingia, bila kujidanganya. Kisha jumlisha. Kama umepata faida, kuja utufundishe. Kama hapana, kuja vilevile. Tuko na kazi ya kudai pamoja.