Matembezi ya msituni Mbau yangoje kwanza

Mhariri,

Makala yenu ya matembezi ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara, hadi jabali la Irente, imenitamanisha. Kwetu Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia, milima hakuna. Kuna mikorosho, pori na vijia vya mchanga ambavyo hata mzee hatweti. Lakini tangu Mocímboa ishambuliwe na waasi Oktoba 2017, pori limekuwa maficho yao. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji huo Agosti 2021, ila mpaka leo mama wa kuni haendi mbali: huokota pale anapowasikia bado majogoo wa kijijini. Wageni wanaoulizia pori letu (wapo!) waelekezeni Usambara. Hapa, wenyeji kwanza wafike mashambani bila hofu.

Msomaji wenu,
Mbau, Cabo Delgado