Paswedi yako anayo nani?



Miaka hii ya karibuni kila TCRA wakitoa ripoti yao ya robo mwaka, kuna mikoa miwili haikosi kutajwa juu kabisa kwenye majaribio ya utapeli wa simu: Rukwa na Morogoro. Ukienda Dar ukisema tu unatoka Moro, lazima atokee mtu akuulize "haya, ile hela nitume kwenye namba gani?" Watu wanacheka, na wewe unacheka nao kinyonge. Mimi nimeshachoka kucheka. Ila leo siwazungumzii hao wa meseji. Hao tunawajua, hata bibi zetu kijijini siku hizi wakiiona ile meseji wanaifuta. Kuna mlango mwingine tunauacha wazi sisi wenyewe, mchana kweupe, tena tunalipia.

Nianze na kisa chenyewe.

Mwaka 2024 mtoto wa dada yangu, binti wa huko juu Matombo, alimaliza form six akafaulu vizuri tu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba huna pa kukimbilia. Shida ya shule ikitokea, simu inapigwa kwako. Binti alishuka na Noah kupitia Mkuyuni mpaka mjini, akaingia steshenari moja yenye kompyuta tatu (jina naliacha, maana sio wao peke yao), akamwambia dogo aliyekuwa zamu kwamba anataka kuomba chuo na mkopo. Dogo akamfanyia kila kitu. Akamfungulia imeili, akamchagulia paswedi, akajaza fomu za vyuo vitatu. Kufika kwenye namba ya simu, binti akasema laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake, na kule nyumbani mtandao mpaka upande mlimani. Dogo akamwambia basi nakuwekea ya kwangu, usipate tabu. Nasema kweli, sidhani kama dogo alikuwa na nia mbaya.

Majina yakatoka, binti kachaguliwa vyuo zaidi ya kimoja. Wenye watoto wanajua utaratibu: tangu 2017 unaomba moja kwa moja chuoni, na ukichaguliwa sehemu zaidi ya moja unatakiwa uthibitishe moja kwa kutumia namba maalumu unayotumiwa kwa meseji. Inatumwa kwenye simu gani? Ile uliyojaza. Ya dogo. Na dogo kaacha kazi, laini yake haipatikani.

"Shikamoo mjomba," binti analia kwenye simu, "wamesema siku zikiisha nafasi inapotea."

Sasa sikilizeni tulivyozunguka. Namba ile unaweza kuomba utumiwe tena, lakini mpaka uingie kwenye akaunti yako ya chuo. Akaunti inataka paswedi, na paswedi anaijua dogo. Ukibonyeza pale "umesahau paswedi", wanatuma linki kwenye imeili. Imeili nayo ina paswedi, ambayo anaijua dogo. Ukienda Google kuomba kubadilisha, wanakwambia tunatuma namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na tarakimu kadhaa. Simu ya nani? Mshaelewa.

Kuna jambo moja nilikuwa nalijua. Google wenyewe wanashauri kwamba ukitaka kurudisha akaunti, tumia kifaa kile kile na sehemu ile ile uliyozoea kuingilia, maana mfumo wao unaangalia kama anayeomba anafanana na mwenye akaunti. Nikamwambia binti twende tukakae kwenye ile ile kompyuta. Tukakaa. Nikabonyeza kwenye kisanduku cha imeili, na kabla sijaandika herufi hata moja, ikashuka orodha. Imeili ya binti ilikuwepo, na paswedi ilishahifadhiwa mle mle. Tukabonyeza, ikafunguka.

Kilichotuokoa ni uzembe. Maana kwenye orodha ile hakuwa binti peke yake. Walikuwepo vijana kibao nisiowajua, imeili zao kamili. Nilipoingia kwenye sehemu ya paswedi zilizohifadhiwa, karibu zote zilikuwa neno moja: jina la mji wetu na mwaka. Dogo alikuwa anawapa wateja wote paswedi moja, nadhani ili asisahau. Ningekuwa mtu mbaya, mchana ule ule ningeingia kwenye imeili za vijana wale nikafanya ninachotaka: nifute barua ya chuo, nibadilishe namba ya simu, au niingie kwenye maombi ya mkopo ya mtoto wa mtu. Nilimwambia mama mwenye duka, akanijibu, "Kaka yangu, mimi najua kuuza karatasi. Hayo mambo ya mashine wanajua vijana." Tukazifuta pamoja.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Tumefundishwa kwamba kufuli ya akaunti ni paswedi, ndo maana watu wanahangaika kuweka alama ya dola na herufi kubwa. Lakini kila akaunti ina mlango wa nyuma unaoitwa "nimesahau", na mlango huo ukishafunguka, paswedi yako hata ingekuwa na urefu wa Mto Ruvu haina kazi. Kwa hiyo swali la kwanza sio paswedi yako ngumu kiasi gani. Ukisahau, ujumbe unaenda kwa nani? Kwa vijana wengi wa Moro jibu ni: kwenye namba ya simu ambayo sio yao.

Tukumbuke tulikotoka. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, mwisho ukawekwa Desemba 31 mwaka huo, kisha Rais Magufuli akaongeza siku mpaka Januari 20, 2020. Mnakumbuka zile foleni za NIDA. Walioshuka kutoka milimani na vidole vilivyokomazwa na jembe, mashine ikavikataa. Wengi wakasema basi nisajilie kwa kitambulisho cha shemeji. Kwa siku ile ilikuwa akili, simu isizimwe. Lakini maana yake ni kwamba kisheria namba ile ni ya shemeji. Laini ikipotea, anayeweza kuirudisha ni yeye na kidole chake. Mkigombana, au akisafiri, imeili yako na WhatsApp yako na pesa zako za kwenye simu zinamfuata yeye.

Kuna na mchezo wa wakala wa barabarani: "kidole hakijasoma, weka tena". Unaweka tena, na laini ya pili inasajiliwa kwa jina lako bila wewe kujua, halafu inaenda kufanya yale yanayotupaisha kwenye ripoti za TCRA. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni husika ukaifute. Na meseji ya kitapeli ikija, ipeleke 15040 pamoja na namba iliyotuma, usiifute kimya kimya.

Namba zenyewe pia hazidumu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaifunga na baadaye namba inauzwa kwa mtu mwingine. Hata imeili ziliwahi kufanyiwa hivyo: mwaka 2013 Yahoo walitangaza kugawa upya majina ya akaunti zilizokaa mwaka mzima bila kufunguliwa, na baadhi ya waliopewa wakaanza kupokea barua za wenye majina ya zamani. Google hawagawi jina, ila tangu Desemba 2023 wameanza kufuta akaunti zisizoguswa kwa miaka miwili. Wewe uliyefunguliwa imeili form four ili uombe kitu kimoja halafu ukaisahau, kaingie leo.

Tuliotumia kafe zamani tunakumbuka yale maswali ya siri. Jina la mama yako kabla hajaolewa? Jamani, hili swali alilitunga mtu ambaye hajafika Uluguru, ambako ukoo wa mama ndo utambulisho wako na kijiji kizima kinaujua. Chakula unachokipenda? Mwaka 2015 watafiti wa Google walieleza kuwa kwa watumiaji wa Kiingereza, ukibahatisha jibu la swali hilo mara moja tu una karibu nafasi 1 kati ya 5 ya kupatia. Sisi wa wali maharage sijui tungepata ngapi. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa chuo Marekani aliingia kwenye imeili ya Yahoo ya Sarah Palin, aliyekuwa anagombea umakamu wa rais, kwa majibu aliyoyapata mtandaoni, likiwemo la wapi alikutana na mumewe. Hakuvunja kitu. Alipita kwenye ule ule mlango wa nyuma.

Na tusidhani ni shida ya watoto wa Matombo tu. Mei 20, 2025 akaunti ya X ya Jeshi letu la Polisi ilidukuliwa, ikatumika kurusha picha chafu na habari ya uongo ya kifo cha Rais. Siku ile ile X yenyewe ikaanza kutopatikana nchini. Akaunti moja iliyodondoka mikononi mwa wengine, na nchi nzima ikahisi.

Sheria tunazo, tena kali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema ukiingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, faini haipungui milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilizitaka kafe zifunge kamera. Sawa, lakini kamera inaona sura ya mteja, haioni paswedi arobaini zilizolala ndani ya kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ndo iko karibu zaidi na shida yetu, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Mimi ningependa kuwaona watu wa Tume hiyo kwenye steshenari zetu msimu wa maombi, maana pale ndo zinapoachwa nakala za vyeti, namba za NIDA na paswedi za vijana wa mkoa mzima. Na vyuo vyenyewe, pamoja na wenzetu wa Bodi ya Mikopo: mfumo ukiona namba moja ya simu imejazwa na waombaji thelathini, kwa nini usiikatae? Hilo sio jambo la mabilioni.

Wakati tunasubiri, wewe uliyekaa kafe sasa hivi na dakika zako zinakimbia. Paswedi iandike mwenyewe kwa mkono wako, mwambie dogo ageuke pembeni, sio matusi. Iwe ndefu, maneno manne matano yasiyohusiana unayoweza kuyakumbuka, na isiwe ile ile kwenye imeili na kwenye mkopo. Kompyuta ikiuliza "nihifadhi?" kataa. Ukimaliza toka kabisa, usifunge tu dirisha. Kama uliwahi kuingia kwenye mashine za watu, ingia sehemu ya usalama ya akaunti yako utaona orodha ya vifaa vyote, uvitoe usivyovijua, halafu ubadilishe paswedi. Mwenye laini ya jina la mtu aanze kufuatilia NIDA yake.

Na hili la mwisho wengi hawalijui: ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili, Google wanakupa namba kumi za akiba, kila moja inatumika mara moja tu, unaprinti kwenye karatasi. Hazihitaji simu wala mtandao mlimani. Binti yangu ya kwake kaiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha form four, nakala nyingine iko kwangu.

Alithibitisha chuo siku mbili kabla ya mwisho, na sasa ana laini ya jina lake. Ile namba ya dogo niliipigia tena hivi karibuni, kwa udadisi tu. Safari hii ikaita. Akapokea mama mmoja, tukasalimiana vizuri. Anasema laini kainunua mpya kabisa dukani, lakini meseji za wanafunzi asiowajua zimekuwa zikimjia, zina namba namba ndani yake. Nikamuuliza anazifanyaje. Anazifuta, anaogopa matapeli.